Sentensi Mbili Mbaya: Kisa cha Kijana wa Busia Aliyeshindwa Kuanza

Muhula wa pili wa 2025 ulikuwa umefika katikati wakati mwalimu wa jiografia aliponiletea jina la kijana wa Sinia Tatu, yaani mwaka wa tatu wa sekondari, ambaye hakuwa amekusanya kazi hata moja ya maandishi. Nilipouliza kwa walimu wengine, jibu likawa lilelile: historia hakuna, baiolojia hakuna, kemia hakuna. Kwenye daftari la alama wenzake walikuwa na tarakimu, yeye ana vistari. Lakini mwalimu wa jiografia aliongeza jambo lililonizuia nisiamue haraka. "Darasani, Mwalimu, huyu ndiye anayejibu kuliko wote. Ukimsikia akieleza, utadhani kesho ataleta kurasa kumi."

Ninafundisha Kiswahili na kushika ushauri wa wanafunzi katika shule ya kutwa mjini Busia, upande wa Uganda. Mtoto wa hapa hukua akisikia Kisamia, Kiteso, Kiganda na Kiswahili kwa siku moja, na Kiswahili ndicho kinachobeba biashara ya mpakani. Nyumbani kwa kijana huyu ndiyo lugha ya kwanza. Baba yake ni dereva wa lori na hukaa safarini wiki nyingi. Mama ana kibanda cha chai na chapati karibu na yanakopangwa malori yanayosubiri kuvuka. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya kijana na mama yake, na nimebadili mambo madogo ili asitambulike.

Wapo watakaosema kijana kuchelewesha kazi si habari. Kwa mtaala wa zamani huenda wangekuwa na hoja. Mwanafunzi mwepesi wa akili aliweza kuichezea miaka mitatu, akakesha na vitabu miezi ya mwisho ya Sinia Nne, na bado akatoka na daraja la kwanza. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, umeifunga njia hiyo. Asilimia 20 ya alama za mwisho hutokana na tathmini inayofanyika shuleni, ikiwemo kazi ya mradi, na mtihani wa UNEB, Baraza la Mitihani la Uganda, unabeba asilimia 80. Kundi la kwanza la mtaala huu lilifanya mtihani 2024. Maana yake ni kwamba kistari cha Sinia Tatu hakifutwi na kukesha kwa Sinia Nne. Mwanafunzi anaweza kufika chumba cha mtihani akiwa tayari ameshapoteza alama ambazo hakuna swali la mtihani litakalomrudishia.

Yaliyojaribiwa kabla

Kabla kesi haijanifikia, watu wanne walikuwa wameshajaribu kumsaidia, kila mmoja kwa njia yake. Niliyakusanya yote waliyofanya, kwa sababu dawa iliyoshindwa husema kitu kuhusu ugonjwa.

Mwalimu wa zamu alimpa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya maktaba. Alifyeka vizuri, akamaliza, akarudi kesho yake bila kazi. Muda aliotumia kufyeka ulikuwa ndio muda ambao angeandika, na kwa kweli alionekana kufurahia panga kuliko kalamu. (Viboko havikutumika. Sheria ya Watoto kama ilivyorekebishwa 2016 inavikataza shuleni, ingawa ningekuwa mwongo nikisema kila shule ya nchi hii imeacha.)

Mwalimu wa darasa aliandika barua nyumbani. Mama akaisoma kwa msaada wa jirani, akaona aibu, akachukua simu ambayo kijana alikuwa akiitumia jioni na kuifungia sandukuni. Hapa ndipo nilipopata ushahidi wangu wa kwanza wa maana. Simu ilikaa sandukuni mwezi mzima, na mwezi huo kijana hakukusanya kitu. Kama simu ndiyo iliyokuwa mwizi, wizi ungekoma. Sisi walimu na wazazi tunapenda sana kuishitaki simu kwa sababu inaonekana kwa macho. Zipo nyumba ambazo kweli ndiyo yenye makosa. Hii haikuwa mojawapo.

Wa nne alikuwa binamu yake anayesoma chuo Kampala. Alipokuja likizo alimwambia atengeneze ratiba. Kijana alitengeneza ratiba nzuri ajabu, yenye mistari ya rula na rangi tatu, kila saa na somo lake, akaibandika ukutani. Ilimchukua jioni nzima. Jioni hiyo alikuwa na zoezi la historia la kukusanya kesho yake asubuhi, na hakuligusa.

Ratiba ile ilinifikirisha kuliko barua na nyasi. Mvivu hachori mistari kwa rula mpaka usiku. Nguvu kijana alikuwa nayo, na nia pia. Kulikuwa na mahali fulani katika safari ya kazi ambapo vyote viwili vilikatika, na hakuna aliyekuwa amemuuliza ni wapi.

Kuifuata kazi moja tangu mwanzo

Nilimwita baada ya masomo, siku ambayo hakuna aliyemgombeza. Sikumuuliza kwa nini hafanyi kazi. Swali hilo ameulizwa tangu shule ya msingi na ana majibu yake tayari: samahani, nilisahau, sitarudia. Nilimwomba tuchague kazi moja tu ambayo hakuikusanya, anisimulie kila kilichotokea tangu ilipoandikwa ubaoni.

Alichagua zoezi la jiografia. Lilikuwa la aina inayopendwa na mtaala huu: mwanafunzi anapewa kisa kifupi cha maisha ya kila siku, kisha anatakiwa kuandika barua, ripoti au hotuba ya kusaidia kulitatua tatizo. Hili lilihusu takataka zinazoziba mitaro sokoni wakati wa mvua. Waandike ripoti kwa mwenyekiti wa soko.

"Ulipofika nyumbani?"

"Nilikula, nikatoa daftari."

"Ukaandika nini?"

"Tarehe. Na kichwa."

"Halafu?"

Alinyamaza kwa muda. "Halafu nikawa sijui sentensi ya kwanza inaanzaje. Nikaona nikianza vibaya, yote itakuwa mbaya. Kichwa kikawa moto. Nikasikia Mama ananiita nimpelekee maji kibandani, nikaenda."

"Alikuwa amekuita kweli?"

"Hapana, Mwalimu. Lakini maji yalikuwa yanahitajika."

Katika mazungumzo yote, jibu hilo la mwisho ndilo lililobeba kisa. Kijana hakukimbilia mchezo. Alikimbilia jerikeni. Alikimbilia kazi ya heshima ambayo hakuna mzazi atakayemkaripia mtoto kwa kuifanya, na mama akashukuru, na ule moto wa kichwani ukapoa. Kesho yake hali ikawa ileile kwa sababu nyingine nzuri: kukanda unga, kumpeleka mdogo wake kunyolewa, kwenda kumwangalia bibi. Kila jioni alikuwa na shughuli, na kila shughuli ilikuwa na faida. Ndiyo maana nyumbani walimwona mtoto mchapakazi, shuleni tukamwona goigoi, na pande zote mbili zilikuwa zinasema kile zilichokiona.

Nilimwomba sasa anieleze, kwa Kiswahili, angemwambia nini mwenyekiti wa soko. Alizungumza bila kusita. Alijua mtaro upi huziba kwanza na kwa nini: wauza mahindi mabichi hutupa maganda pale, gari la taka halipiti siku ya soko ambayo ndiyo siku ya taka nyingi. Alipendekeza wauzaji wa mstari mmoja wachangie mapipa na zamu ya kuyamwaga. Ilikuwa ripoti nzuri kuliko nyingi zilizokusanywa. Haikuwa kwenye karatasi, wala haikuwa kwa Kiingereza.

Ninavyolisoma tatizo

Watafiti wa tabia ya kuahirisha kazi wamelishika jambo ambalo kijana alilisema kwa maneno yake. Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza katika makala yao ya 2013 kwamba anayeahirisha, mara nyingi, anajaribu kutengeneza hisia zake za sasa hivi. Kazi iliyo mbele yake inaleta hofu, uchovu wa moyo au aibu. Kuiacha kunaleta nafuu ya papo hapo. Na nafuu hiyo humfundisha kuiacha tena. Muda, saa na ratiba vinakuja nyuma sana katika maelezo hayo. Ndiyo maana ratiba ya rangi tatu haikusaidia: ilimwambia kijana aketi lini, ikakaa kimya kuhusu kichwa kinachopata moto anapoketi.

Dianne Tice na Roy Baumeister waliwafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu Marekani na kuchapisha matokeo 1997. Mwanzoni mwa muhula wale wanaoahirisha walikuwa na msongo mdogo na maradhi machache kuliko wenzao. Muhula ulipokaribia kwisha mambo yakageuka: wakawa na msongo zaidi, wakaugua zaidi, na alama zao zikawa chini. Nafuu ile ilikuwa mkopo. Najua kuwa hao walikuwa wanafunzi wa chuo katika nchi tajiri, na kijana wetu huuza chapati usiku. Lakini mwendo wenyewe niliukuta hapa Busia umbo kwa umbo.

Kilichobaki kilikuwa ni kujua kwa nini sentensi ya kwanza ilimtisha hivyo mtoto mwenye maneno mengi kinywani. Nadhani jibu lina sehemu mbili.

Moja ni lugha. Masomo yote isipokuwa lugha nyingine hufanywa kwa Kiingereza, na yeye hufikiri kwa Kiswahili. Anapoketi mbele ya karatasi tupu anafanya kazi tatu kwa mpigo: kutafuta wazo, kulipanga, na kulivusha kwenda lugha nyingine, tena bila kosa. Mwenzake anayeongea Kiingereza nyumbani anafanya mbili.

Ya pili ni miaka iliyopotea. Shule zilipofungwa Machi 2020 alikuwa darasa la sita la msingi. Alirudi kwa miezi michache 2021, zikafungwa tena Juni, na shule zote zikafunguliwa Januari 2022. Uganda ilifunga shule kwa muda mrefu kuliko karibu nchi yoyote duniani. Umri ambao mtoto huzoea kuandika kurasa, kukosea, kuandika tena, yeye aliupitisha barabarani akiuza mayai ya kuchemsha kwa madereva waliokwama kwenye foleni za kupimwa korona. Alijifunza kusema na watu wazima, kubishana bei, kukumbuka madeni kichwani. Ulimi ukakua, mkono ukabaki darasa la sita. Kisha akaingia sekondari kwenye mtaala unaotaka ripoti, barua na mradi tangu mwaka wa kwanza. Huko Sinia Moja, insha yake moja ilisomwa kwa sauti darasani na wenzake wakacheka. Alinitajia hilo kama jambo dogo, akiangalia dirishani.

Tulichofanya

Tulianza na viporo, maana rundo la kazi za zamani lilikuwa linamzuia hata kuigusa ya leo. Kila alipofikiria zoezi jipya, yale yote ambayo hakufanya yalisimama mbele yake. Nilikaa na walimu wa masomo tukazipanga kazi kwa makundi mawili: zile ambazo alama zake bado zingeweza kuingizwa, na zile ambazo muda wake umekwisha. Za kundi la pili tuliziachilia, na nikataka aambiwe hivyo waziwazi na mwalimu mwenyewe wa somo, asije akaendelea kuzibeba. Walimu wawili hawakupenda. Waliona ni kumzawadia mkosaji. Niliwaonyesha kwamba vistari vinabaki vistari, hakuna alama anayopewa bure. Anachopewa ni ruhusa ya kuacha kutazama nyuma. Michael Wohl na wenzake waliligusa jambo hili katika utafiti wa 2010 kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada: waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa na mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha walipojiandaa na uliofuata. Kujilaumu huongeza ile hisia mbaya ambayo mtu anaikimbia.

Sharti moja niliweka. Kijana alikwenda mwenyewe kwa kila mwalimu na kusema kwa kifupi kazi ipi ataileta na lini. Bila hadithi ndefu na bila kuapa. Aliniambia baadaye kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, na kwamba mwalimu aliyemwogopa zaidi ndiye aliyempa kiti.

Baada ya hapo tukaikabili sentensi ya kwanza. Tulikubaliana utaratibu huu. Kabla ya kuandika, anamweleza mtu jibu lake kwa Kiswahili, mdomo kwa mdomo. Alimchagua rafiki yake wa dawati. Rafiki anaandika maneno matano au sita tu anayoyasikia kuwa muhimu. Kisha kijana anaandika sentensi mbili za Kiingereza, na sharti lake ni kwamba zinaruhusiwa kuwa mbaya. Nilisisitiza neno hilo: mbaya. Zikiwa na kosa, sawa. Zikianza katikati ya jibu badala ya mwanzo, sawa. Akimaliza hizo mbili ana haki ya kufunga daftari na kwenda zake, na hakuna wa kumuuliza.

Nilimwambia pia kuwa haki hiyo ni ya kweli, na nilimaanisha. Siku ya kwanza aliitumia: aliandika mbili akafunga mkoba. Siku iliyofuata aliandika mbili, akasimama, akaketi, akaandika nusu ukurasa. Sikushangilia mbele yake. Mtoto anayeogopa kuharibu huogopa sifa pia, kwa sababu sifa inampandishia kiwango cha kesho.

Mahali na saa vilihitaji kuamuliwa kwa makini zaidi ya ratiba. Nyumbani, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu usiku, ndipo kibanda kina wateja wengi, na kumwambia mtoto asome saa hizo ni kumwambia mama yake asipate karo. Kwa hiyo tulichagua shuleni, mara tu kengele ya mwisho inapolia. Alijiandikia kwa mkono wake: "Kengele ya mwisho ikilia, nitahamia dawati la mbele na kuandika sentensi mbili kabla ya kufunga mkoba." Mpango wa namna hiyo, unaoifunga kazi kwenye tukio ambalo litatokea lenyewe, umechunguzwa sana tangu mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alipouelezea 1999, na mapitio aliyofanya pamoja na Paschal Sheeran mwaka 2006 yalikusanya majaribio 94 na kuonyesha kuwa unasaidia watu kutimiza walichokusudia. Faida yake kwa kijana huyu ilikuwa rahisi kuona: hakuhitaji tena kuamua. Saa ya kuamua ndiyo iliyokuwa inampa nafasi ya kusikia anaitwa na maji.

Mradi wa jiografia ulikuwa mkubwa zaidi, na hapo nilimhitaji mwalimu wa somo. Kazi iliandikwa ubaoni kwa sentensi moja na tarehe moja ya mwisho, wiki sita mbele. Kwa kijana wa miaka kumi na sita wiki sita ni kama milele. Na si yeye tu. Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha 1994 kisa cha wanafunzi wa chuo waliokuwa wanaandika tasnifu: walikadiria watamaliza kwa siku 34 hivi kwa wastani, ikawachukua zaidi ya 55. Kama watu wazima hao walikosea hivyo, Sinia Tatu atawezaje? Nilimwomba mwenzangu aikate kazi: maswali ya kuwauliza wauzaji yaletwe Jumatano, majibu ya wauzaji watatu Jumatatu, jedwali wiki inayofuata, na kuendelea.

Alinijibu vikali, na jibu lake lilistahili kusikilizwa. "Nikimfanyia huyu, wale wengine sitini nitawafanyia lini? Nitasahihisha saa ngapi?" Ni kweli. Ushauri mwingi wa vitabuni umeandikwa kwa mwalimu mwenye watoto ishirini. Tulifika mahali pazuri: vipande wapewe darasa zima, na mwalimu asivisahihishe. Apite kati ya madawati na kuweka alama ya vema kama kipo, basi. Dakika kumi za mwanzo wa kipindi. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi kadhaa ambao hakuna aliyewaita waahirishaji nao walianza kuleta kazi mapema.

Mama

Nilikwenda kibandani mchana, kabla malori hayajajaa. Mama alidhani nimekuja kumshitaki. Alianza kujitetea kabla sijaketi: simu aliichukua, barua aliisoma, mtoto hamtumi kazi nyingi.

"Mama, sijaja kwa ubaya," nilimwambia. "Mtoto anakusaidia, na hilo ni malezi yako mazuri. Nimekuja kuomba msaada wako kidogo."

"Mimi Kiingereza chao sikijui, Mwalimu. Nitamsaidia nini?"

"Kumsikiliza tu."

Nilimweleza kuwa kijana akishaeleza jibu kwa mdomo, mkono hupata pa kuanzia. Akiwa anakanda unga anaweza kumuuliza: leo mmesoma nini, hebu nieleze. Tukakubaliana abadili swali moja. Badala ya "umemaliza?" aulize "umefika wapi?" Swali la kwanza lina jibu moja la salama, ndiyo, na kijana alishalizoea kulisema bila kuwa kweli. La pili linamruhusu kusema nusu. Mwisho niliomba kwamba akimwona ameketi na daftari, asimwite. Na akijileta mwenyewe na maji ambayo hayakuagizwa, amrudishe kwa upole. Alicheka sana aliposikia habari ya maji. "Kumbe ndiyo sababu ndoo zangu hujaa siku za kazi ya shule!"

Yeye ndiye aliyeongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Alisema wauzaji wa mahindi anawafahamu, angewaomba wamjibu kijana maswali yake ya mradi kwa utaratibu. Kazi ya shule ikaingia kibandani bila kugombana na chapati.

Kilichotokea, na kisichotokea

Zoezi la historia lililofuata lilikusanywa kwa wakati. La baiolojia pia. Mradi wa jiografia ulichelewa siku mbili, ukiwa kamili, na jedwali la wauzaji na mchoro wa mitaro aliouchora mwenyewe. Kiingereza chake kilikuwa na makosa mengi, na mwalimu alimwekea alama kwa hoja kwanza, lugha baadaye.

Muhula wa tatu mama aliugua malaria na kijana akashika kibanda peke yake kwa siku kadhaa. Kazi zilisimama. Kilichonipa moyo ni namna alivyorudi. Zamani pengo kama hilo lingekuwa kiporo kipya cha aibu na angejificha mpaka mwisho wa muhula. Safari hii alikuja kwa rafiki yake wa dawati, akamweleza zoezi kwa mdomo, akaandika zile mbili. Mimi nilipata habari baadaye.

Kemia haikusogea kabisa, na huko ndiko nilikojifunza zaidi. Utaratibu wetu wa kueleza kwa mdomo ulipofika kwenye hesabu za moli, kijana alinyamaza kwa Kiswahili kama alivyonyamaza kwa Kiingereza. Hakuwa na jibu la kuvusha. Hapo alikuwa haahirishi. Alikuwa hajui, na kutokujua kumevaa nguo za kuahirisha. Kwa mwalimu anayetazama kutoka mbele ya darasa, kistari cha kemia na kistari cha historia vinafanana. Jaribio la kumwomba mtoto aeleze kwa lugha yake linavitenganisha kwa dakika tano, na ningependa kila mwalimu wa nchi hii alifanye kabla ya kuchagua adhabu. Akieleza vizuri, msaidie kuanza. Asipoeleza, mfundishe.

Zipo sababu nyingine ambazo kisa hiki hakina, nazitaja kwa sababu nimezikuta kwa watoto wengine. Msichana anayepika, kufua na kulea wadogo zake kutoka saa kumi jioni mpaka saa nne usiku hana tatizo la kuahirisha. Hana saa, na mazungumzo ni ya wazazi. Mtoto asiyeona ubao vizuri hunakili swali nusu na kushindwa kulijibu. Na mtoto ambaye ameacha hata mpira alioupenda, halali, hali, au anasema maneno ya kukata tamaa, huyo asipewe utaratibu wa sentensi mbili. Apelekwe kituo cha afya aonwe na mhudumu wa afya ya akili, na mlezi aende naye.

Kijana wetu sasa yuko Sinia Nne. Anakaa bado dawati la mbele baada ya kengele, ingawa rafiki yake amehamia shule nyingine na nafasi ya kumsikiliza imechukuliwa na mama, mchana wa Jumamosi, kabla ya malori. Kemia anafundishwa upya kutoka mada za Sinia Mbili, yeye na wenzake wanne, na mwalimu wa somo aliyejitolea baada ya kuona vistari vyao vimepangana. Mwalimu wa jiografia ameendelea kuikata miradi ya darasa zima kwa vipande, na mwalimu wa historia ameomba aonyeshwe anavyofanya.